Mzani, Daftari na Mkutano: Ushirika wa Kahawa na Biashara ya Haki, kutoka Kilimanjaro hadi Kivu

Utangulizi

Katika Kiswahili neno haki lina maana mbili zisizotengana. Haki ni uadilifu, yaani kumtendea mtu inavyostahili. Haki vilevile ni kile kimpasacho mtu, ambacho akinyimwa aweza kusimama mbele ya watu na kukidai. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 kumekuwapo namna ya biashara kati ya vyama vya wakulima wadogo na wanunuzi wa nchi tajiri, ambayo Kiswahili kimeipa jina la biashara ya haki. Mnunuzi wa Ulaya, anapochagua pakiti ya kahawa yenye alama ya biashara hiyo, huielewa kwa maana ya kwanza: ametenda uadilifu kwa mtu asiyemjua. Lililo gumu zaidi ni kujua kama mkulima naye ameipata kwa maana ya pili. Je, bei hiyo ni kitu akidaicho, au ni hisani anayoisubiri?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa njia ya historia, katika sehemu mbili zinazofanana kwa mengi. Kilimanjaro na mwambao wa Ziwa Kivu zote ni nchi za milima ya volkeno, zote hulima kahawa aina ya arabika, na katika zote mbili Kiswahili hutumika sokoni na mikutanoni pamoja na lugha za wenyeji. Zinatofautiana katika umri wa ushirika. Ule wa Kilimanjaro ulikuwa na zaidi ya miaka 60 biashara ya haki ilipoufikia. Ule wa Kivu ulijengwa upya karibu pamoja na biashara hiyo. Kwa kuzilinganisha, yadhihirika kwamba cheti peke yake hakijapata kumpa mkulima haki ya bei. Haki hiyo ilisimama pale tu ambapo wakulima wenyewe walishika mambo matatu: mzani unaopima kahawa yao, daftari linaloandika hesabu, na mkutano unaoamua matumizi ya fedha.

1. Kilimanjaro: chama kabla ya cheti

Mibuni ilifika Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki, na kituo cha Kilema kilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ilipopandwa. Wachaga waliipokea na kuipanda ndani ya vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo yazungukayo nyumba, chini ya kivuli cha migomba na kandokando ya mifongo ya maji. Hivyo zao la biashara halikuhitaji shamba jipya. Liliingia katika shamba la chakula lililokuwapo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilipokuwa mikononi mwa Waingereza, walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba makubwa katika miteremko ya mlima hawakufurahia jambo hilo. Walidai kwamba mibuni ya Waafrika ingeeneza magonjwa na wadudu. Hofu nyingine, isiyosemwa kwa sauti kubwa, ilikuwa kwamba mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kuwa kibarua. Katika nchi jirani ya Kenya hoja za namna hiyo zilishinda: Waafrika walizuiwa kulima arabika hadi miaka ya 1930, na mlango haukufunguliwa kwa upana hadi mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kilimanjaro mambo yalikwenda kwa njia nyingine, kwa sababu Charles Dundas, aliyekuwa mkuu wa serikali katika wilaya ya Moshi, aliunga mkono kilimo cha wenyeji. Lakini zaidi kwa sababu wakulima wenyewe walijipanga.

Mwaka wa 1925 kiliundwa chama kilichojulikana kwa jina la Kilimanjaro Native Planters Association, au KNPA. Kiongozi wake mashuhuri alikuwa Joseph Merinyo. Chama hicho kilikuwa na kazi mbili: kununua kwa pamoja pampu na dawa za kuzuia wadudu, jambo lililowajibu walowezi kwa vitendo, na kuuza kahawa kwa pamoja ili mkulima asisimame peke yake mbele ya mfanyabiashara. Hapa yafaa kukumbusha kwamba ushirika wa kahawa Kilimanjaro haukuletwa na wafadhili. Ulianzishwa na watu waliotaka kulinda haki ya kulima, na kwa ajili hiyo wakahitaji haki ya kuuza.

Anguko la uchumi wa dunia lililoanza mwaka wa 1929 lilikitikisa chama. Bei ilishuka, madeni yakaongezeka, na wanachama wengine wakawauzia wafanyabiashara binafsi waliokuwa na fedha mkononi. Serikali ya kikoloni, ambayo haikupendezwa na chama chenye sauti ya kisiasa, iliitumia nafasi hiyo: Merinyo na wenzake waliondolewa katika uongozi, sheria ya vyama vya ushirika ikatungwa mwaka wa 1932, na mwaka wa 1933 KNPA ikageuzwa kuwa Kilimanjaro Native Cooperative Union, au KNCU, chini ya meneja Mwingereza, A. L. B. Bennett. Wakulima walijiunga na vyama vya msingi katika vijiji vyao, navyo vyama vya msingi vikaunda chama kikuu mjini Moshi.

Mfumo huu mpya ulikuwa imara zaidi kwa hesabu, lakini ulikuwa na kasoro moja kubwa: mkulima alilazimishwa kwa amri kuuza kahawa yake kwa KNCU peke yake. Malipo yalipopungua, wengi waliona kwamba chama kimekuwa tawi la serikali. Mwezi wa Septemba 1937 ghasia zilizuka na majengo ya ushirika yakashambuliwa. Ni kosa kuzisoma ghasia hizo kama uadui dhidi ya ushirika. Kuuza kwa pamoja lilikuwa wazo la Wachaga wenyewe tangu 1925. Walichokikataa ni kuuza kwa pamoja bila kuwa na kauli. Mzani ulikuwapo, daftari lilikuwapo, lakini mkutano ulikuwa umechukuliwa.

2. Chama na dola

Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kahawa ilipanda, na miaka ya 1950 ikawa ya neema kwa Kilimanjaro. Fedha za kahawa zilijenga shule na kulipa karo za watoto wengi ambao baadaye walishika nafasi kubwa katika taifa. Chama kikuu kilijenga jengo lake kubwa mjini Moshi, na mwaka wa 1963, miaka miwili baada ya uhuru, chuo cha ushirika kilifunguliwa katika mji huo huo. Chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi tangu mwaka wa 2014.

Hata hivyo dola huru nayo ilivutwa na jambo lile lile lililoivuta dola ya kikoloni: chama kikubwa chenye fedha nyingi na watu wengi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 vyama vya ushirika vilitazamwa zaidi na zaidi kama vyombo vya mipango ya serikali. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika vya Tanzania vilivunjwa, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao zilizomilikiwa na serikali. Mkulima wa kahawa akauza kwa mamlaka, akasubiri malipo, na mara nyingi akasubiri sana. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kuvirudisha vyama, na mwaka wa 1984 KNCU na wenzake wakarejea. Lakini miaka minane si kitu kidogo. Majengo yalirudi kuliko imani ilivyorudi, na kizazi kimoja cha wakulima kilikuwa kimejifunza kwamba chama ni kitu kinachoweza kutolewa na kurudishwa na wakubwa.

Ni chama cha namna hii, kikongwe kwa jina na dhaifu kwa nguvu, ambacho dhoruba ya mwaka 1989 ilikikuta.

3. Mwaka wa 1989 na kuzaliwa kwa biashara ya haki

Tangu mwaka wa 1962 nchi zinazolima kahawa na nchi zinazoinywa zilikuwa na mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya mauzo. Kila nchi iliuza kiasi chake, na kwa njia hiyo bei ilizuiwa isianguke mno. Mwezi wa Julai 1989 viwango hivyo viliondolewa kwa kukosa maafikiano. Kahawa iliyokuwa imelimbikizwa ghalani ikamwagwa sokoni, na katika muda wa miezi michache bei ya dunia ilishuka kwa takriban nusu. Miaka hiyo hiyo masharti ya kurekebisha uchumi yaliondoa mamlaka za serikali katika nchi nyingi za Afrika. Mkulima mdogo alipoteza ngao mbili kwa pamoja: ile ya mkataba wa dunia na ile ya dola yake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwaka wa 1988, alama ya Max Havelaar ilikuwa imezinduliwa Uholanzi. Jina lake lilitoka katika riwaya ya Multatuli ya mwaka 1860, iliyofichua dhuluma ya kilimo cha kahawa huko Java chini ya Waholanzi. Wazo lenyewe lilitoka kwa wakulima wa kahawa wa chama cha UCIRI katika jimbo la Oaxaca, Meksiko, wakishirikiana na padre Mholanzi Frans van der Hoff aliyeishi nao, pamoja na Nico Roozen wa shirika la Kikristo la Uholanzi. Wakulima hao hawakuomba msaada zaidi. Waliomba kuuza kahawa yao yote kwa bei iliyo halali, katika maduka ya kawaida. Uingereza, mwaka wa 1991, mashirika manne yaliunda kampuni ya Cafédirect kwa lengo hilo hilo. Mwaka wa 1997 alama za nchi mbalimbali ziliungana chini ya shirika moja la kimataifa.

Masharti ya biashara hiyo yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Kwanza, kuna bei ya chini kabisa ambayo mnunuzi hawezi kushuka chini yake hata soko likianguka. Pili, soko likipanda juu ya bei hiyo, mnunuzi hulipa bei ya soko. Tatu, juu ya bei kuna malipo ya ziada, yasiyogawiwa mtu mmoja mmoja moja kwa moja, bali huamuliwa na mkutano mkuu wa wanachama. Nne, chama kikiomba, mnunuzi hutakiwa kutanguliza sehemu ya fedha kabla ya kahawa kusafirishwa, hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Tano, chama chenyewe lazima kiwe cha kidemokrasia.

Maana ya sharti la kwanza ilionekana mwaka wa 2001. Bei ya arabika katika soko la New York ilianguka chini ya senti 50 za dola kwa ratili, na bei ya chini ya biashara ya haki, pamoja na malipo ya ziada, ilikuwa dola 1.26. Kwa gunia la kilo 60 tofauti hiyo ilizidi dola 100. Tarakimu hiyo, hata hivyo, hainabudi kusomwa kwa uangalifu. Bei ya biashara ya haki hulipwa kwa chama, kahawa inapofika bandarini; hailipwi kwa mkulima shambani. Kati ya bandari na kihamba kuna usafiri, kukoboa, ushuru, riba za benki na mishahara ya makarani. Aidha vyama vingi huuza sehemu tu ya kahawa yao kwa masharti hayo, kwa kuwa wanunuzi wenye alama hawatoshi. Iliyobaki huuzwa kwa bei ya kawaida, na faida ya sehemu moja husambazwa juu ya kahawa yote. Kwa hiyo kati ya bei iliyoandikwa kwenye mkataba na fedha aipatayo mkulima pana njia ndefu, na mlinzi pekee wa njia hiyo ni daftari la chama. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Vyama vikongwe ndani ya biashara mpya

Vyama vya Tanzania vilikuwa miongoni mwa vya kwanza vya Afrika kuingia katika biashara hiyo. Chama kikuu cha Kagera, KCU, chenye makao yake Bukoba, kiliuza kahawa kwa masharti ya haki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na KNCU ikafuata mwaka wa 1993. Wakati ulikuwa mgumu, kwani kuanzia msimu wa 1994/95 biashara ya kahawa nchini ilifunguliwa kwa makampuni binafsi. Wanunuzi wa makampuni walifika vijijini na fedha taslimu. Chama kilikuja na malipo ya awali, na ahadi ya malipo ya pili baada ya mnada wa Moshi.

Hapa yapo mafunzo mawili, kila moja kutoka upande wake. Kagera, sehemu ya fedha za ziada ilitumiwa kununua hisa katika TANICA, kiwanda cha Bukoba kinachotengeneza kahawa ya unga iliyo tayari kunywewa. Uamuzi huo haukuleta bati la shule wala kisima. Uliwafanya wakulima kuwa wenye mali katika hatua ya biashara ambayo siku zote ilikuwa ya wengine. Ni mfano wa malipo ya ziada kugeuzwa kuwa nguvu ya kudumu.

Kilimanjaro, kwa upande wake, mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyama vya msingi kadhaa viliamua kutouza tena kupitia chama kikuu, vikaunda kundi lililojulikana kwa jina la G32. Vililalamika kwamba gharama za chama kikuu zilimeza bei, na vikataka kufika sokoni vyenyewe. Mambo yalikuwa yamejirudia. Kama mwaka wa 1937, wakulima hawakukataa kuuza pamoja. Walikataa kuuza kupitia mahali pasipowapa hesabu. Cheti cha biashara ya haki kilikuwapo kwa takriban mwongo mmoja, na hakikuuzuia mpasuko huo. Hakingeweza kuuzuia, kwa sababu cheti hukaguliwa kutoka nje, na imani hukaguliwa kutoka ndani.

5. Kivu: kahawa iliyovuka ziwa usiku

Historia ya Kivu ilianza kwa njia nyingine. Tangu mwaka wa 1928 Halmashauri ya Taifa ya Kivu, iliyofahamika kwa kifupi CNKi, ilipewa mamlaka juu ya ardhi kubwa katika mkoa huo ili kuwavuta walowezi wa Kibelgiji. Arabika ilikuwa kwanza kahawa ya walowezi na makampuni. Mwafrika alikuwa kibarua wa kahawa kabla ya kuwa mwenye mibuni. Utafiti wa zao hilo uliendeshwa katika kituo cha Mulungu, karibu na Bukavu. Sheria ya ushirika ilikuja karibu na mwisho wa ukoloni, kwa dikrii ya tarehe 24 Machi 1956, iliyobaki kuwa msingi wa sheria ya ushirika kwa zaidi ya nusu karne, hadi nchi ilipojiunga na OHADA mwaka wa 2012. Tofauti na Kilimanjaro, Kivu haikupata miongo ya kujifunza ushirika kwa kuutenda.

Baada ya uhuru mambo yalifuatana bila nafasi ya kupumua: maasi ya miaka ya 1960, kisha tangazo la tarehe 30 Novemba 1973 lililowapa wananchi wachache mashamba na maduka ya wageni. Mashamba mengi yaliyogawiwa hivyo yalikufa, na vinu vya kumenya na kuoshea kahawa vikaota kutu. Mibuni iliyobaki hai ilikuwa ile ya wakulima wadogo. Mwaka wa 1994 ukaleta wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda, na mwaka wa 1996 na 1998 zikafuata vita mbili. Barabara zilikatika, ofisi za serikali zikabaki na kazi moja tu, ya kutoza.

Katika hali hiyo kahawa ya Kalehe, Idjwi na Minova ilivuka ziwa. Wanaume waliipakia katika mitumbwi usiku, wakapiga kasia hadi upande wa Rwanda, na kuibadilisha kwa fedha kidogo, chumvi, sabuni au chakula. Ziwa Kivu huchafuka ghafla, na mitumbwi iliyojazwa magunia haina pa kukimbilia. Wengi walizama. Katika vijiji vya mwambao wajane wa kahawa walikuwa jamii nzima ya watu. Kahawa iliyofika ng'ambo nayo ilipoteza jina lake: ilichanganywa na nyingine na kuuzwa bila mtu kujua kwamba ilitoka Kongo. Rwanda wakati huo huo ilikuwa ikijenga vituo vya kuoshea kahawa, ambavyo kabla ya mwaka 2000 vilikuwa vichache mno, na miaka kumi baadaye vilikuwa takriban 200. Tofauti kati ya pande mbili za ziwa haikuwa udongo wala mvua. Ilikuwa maji safi ya kuoshea, barabara, na ushuru.

Mwaka wa 2003 wakulima wa Minova walianzisha chama cha SOPACDI. Wanachama wake walitoka katika makabila mbalimbali ambayo vita vilikuwa vimeyagombanisha, wakiwamo waliorudi kutoka ukimbizini; na waliokaa pamoja kwanza kwa ajili ya kahawa walilazimika kuzungumza juu ya mengine. Tangu mwaka wa 2008 hivi shirika la Twin la Uingereza, mmoja wa waanzilishi wa Cafédirect, lilikisaidia kupata fedha, mafunzo na wanunuzi. Kilijengwa kituo cha kuoshea kahawa, kitu ambacho eneo hilo halikuwa limekiona kikijengwa kwa miongo mingi, na mwaka wa 2011 chama kikapata cheti cha biashara ya haki. Vyama vingine vilifuata njia hiyo, na majina yao ni somo kwa wapenzi wa Kiswahili: Muungano katika Kalehe, Kawa Kabuya na Kawa Kanzururu katika Kivu ya Kaskazini. Mwaka wa 2014 mashindano ya kwanza ya kuonja kahawa ya Kivu yalifanyika Bukavu. Kahawa ilikuwa imerudishiwa jina lake.

Jambo lililobadilika kwanza kwa mkulima halikuwa bei ya Ulaya. Lilikuwa mzani. Aliyekuwa akibadilishana gunia gizani, bila kujua uzito wala thamani, sasa aliona matunda mabivu yakipimwa mchana karibu na nyumbani kwake, akapewa karatasi yenye jina lake na kilo zake. Wanawake, ambao ndio wafanyao kazi nyingi ya mibuni, walianza kuandikwa kama wanachama kwa majina yao wenyewe, wakiwamo wajane wa ziwa. Mtu ambaye jina lake limo daftarini ana kitu cha kudai.

Hata hivyo udhaifu ulibaki, na lazima usemwe. Vyama hivi vilitegemea sana mshirika mmoja wa nje, na Twin ilipofunga milango yake mwaka wa 2019 pengo lake lilionekana wazi. Pigo la pili ni vita. Mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Minova na kisha Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Mabenki yakafungwa katika miji iliyotekwa, na chama ambacho hununua kahawa kwa fedha iliyotangulizwa na mnunuzi wa ng'ambo kilinyimwa njia ya kuipokea. Biashara ya haki hudhani kwamba kuna barabara, benki na mpaka unaoeleweka. Mahali visipokuwapo, mtumbwi wa usiku uko tayari.

Pigo la tatu ni geni: bei nzuri. Tangu mwaka wa 2023 bei ya chini ya arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa ratili. Februari 2025 soko la New York lilipita dola 4. Bei ya chini haina kazi soko likiwa juu hivyo. Mchuuzi mwenye fedha taslimu humfikia mkulima mapema, na chama kilichotia saini mkataba hubaki bila kahawa ya kuutimiza. Siku hizo ndipo hujulikana kama wanachama ni wa chama au wa bei tu.

6. Lugha ya mkataba

Kwa wasomi wa Kiswahili kuna upande mmoja wa historia hii unaowahusu zaidi ya wengine. Miongo mingi ya ushirika Tanzania ilizaa msamiati kamili: chama cha msingi, malipo ya awali, malipo ya pili, mgawo, akidi ya mkutano, mkaguzi wa hesabu. Mkulima wa Moshi aweza kukigombeza chama chake kwa maneno yanayotosha. Kivu, mkulima husema kawa pale mwenzake asemapo kahawa, na koperative pale mwenzake asemapo ushirika. Anajadiliana kwa Kiswahili katika mkutano, kisha hupewa mkataba, masharti ya cheti na taarifa ya mkaguzi kwa Kifaransa au Kiingereza. Mwenye kuzisoma karatasi hizo ni karani mmoja au wawili. Hivyo demokrasia inayodaiwa na cheti huishia mlangoni mwa ofisi, na sababu yake si hila ya mtu. Ni lugha tu.

Hali hiyo itazidi kuwa nzito. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya ukataji wa misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kila shamba la kahawa lionyeshwe mahali lilipo duniani. Ni daftari jipya, na swali la zamani hurudi: nani ataliandika, nani ataweza kulisoma, na litakuwa mali ya nani?

Hitimisho

Historia ya Kilimanjaro na ya Kivu hazielekezi kwenye hukumu rahisi. Biashara ya haki iliwakinga wakulima wengi mwaka wa 2001, ilisaidia kununua hisa Bukoba, na iliwafanya watu wa Kalehe na Minova kuuza kahawa yao mchana. Hayo si machache. Lakini haikuanzisha ushirika wa Kilimanjaro, haikuuponya, na haiwezi kuwa ukuta wa Kivu wakati wa vita. Ilipokuta chama chenye mzani wa kweli, daftari lililo wazi na mkutano wenye kauli, ilikiongezea nguvu. Ilipokuta pengo, ililipamba tu.

Ghasia za 1937, kuvunjwa kwa vyama mwaka wa 1976 na mpasuko wa miaka ya 2000 vyafundisha jambo moja: mkulima hukiacha chama pale anapoacha kukiona kuwa chake, hata kama bei ni nzuri. Kwa Kivu, ambako vyama bado ni vichanga na madaftari yao yanaweza kuungua katika usiku mmoja, kuna kazi ambazo vyuo vikuu vinaweza kuzifanya bila kungoja mfadhili. Masharti na mikataba yaweza kutafsiriwa katika Kiswahili kinachoeleweka Kalehe na Butembo. Madaftari ya vyama yaweza kunakiliwa na kuhifadhiwa. Makarani na wajumbe waweza kufundishwa hesabu kwa lugha wanayojadiliana. Hapo neno haki litakuwa na maana zake zote mbili, na mkulima atakayesimama mkutanoni kuuliza kilo zake zimeuzwa kwa bei gani atajibiwa kwa lugha aliyoulizia.